Majina ya Sayari na Wajibu wa Mtunga Istilahi

Tangu Kiswahili kilipofanywa kuwa lugha ya kufundishia katika shule zetu za msingi mwaka 1967, kazi ya kutunga na kusanifu istilahi za elimu imekuwa mojawapo ya kazi kubwa za utamaduni wa taifa letu. Ni katika mwaka huo huo ambapo Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya Bunge. Tokea hapo mengi yameandikwa juu ya istilahi za siasa, za sheria, za kilimo na za uhasibu. Machache mno yameandikwa juu ya istilahi za falaki, yaani elimu ya jua, mwezi, nyota na sayari. Huenda wengi wamedhani kwamba mambo ya mbinguni hayamhusu mwananchi ambaye shida zake zote ziko ardhini. Sisi hatukubaliani na dhana hiyo, na katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba katika uwanja huu mdogo limetendeka kosa ambalo si dogo, na kwamba kosa hilo bado linafundishwa watoto.

Tuanze na kisa. Katika mji mmoja wa pwani tulimkuta mwanafunzi wa shule ya msingi akiyakariri majina ya sayari kwa sauti barazani, huku babu yake, ambaye ujanani alikuwa baharia wa majahazi, akimsikiliza. Mtoto aliyataja kwa mpango aliofundishwa: Zebaki, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Sarateni, Zohali, Kausi, Utaridi. Mzee akamkatiza. "Mjukuu wangu, Utaridi umeipeleka wapi? Utaridi ni jirani wa jua. Na hiyo zebaki ni kitu cha mfua dhahabu, imefikaje mbinguni?" Mtoto akajibu kwa adabu, "Babu, ndivyo kilivyosema kitabu." Mzee akanyamaza, maana kitabu ni kitabu. Kesho yake mtoto alijibu mtihani kama kitabu kilivyosema, akapata alama zake zote.

Aliyekosea hapo ni nani? Ili tuweze kuamua, hatuna budi kwanza kueleza kwa ufupi jambo lenyewe, kwani tunawaandikia pia wasomaji ambao hawajapata kuisoma elimu hii.

Mtu akitazama juu usiku usio na mawingu ataona mianga mingi inayofanana. Walakini akizidi kutazama, usiku baada ya usiku, atagundua kwamba mianga hiyo ni ya namna mbili. Iliyo mingi haibadilishi nafasi zake: umbo lililopangwa na nyota za Kilimia leo ndilo waliloliona wazee wetu, nalo huchomoza na kutua likiwa vile vile. Michache huhama, mwezi huu iko karibu na nyota fulani, miezi michache baadaye imekwisha kwenda kwingine. Hiyo inayohama ndiyo sayari, na neno lenyewe, ambalo tumelipata kutoka Kiarabu, lina maana ya kitu kinachokwenda. Nyota ni jua lililo mbali. Huwaka kwa moto wake yenyewe. Sayari haina mwanga wake; hung'aa kwa kuangazwa na jua, kama ukuta uliopakwa chokaa ung'aavyo adhuhuri. Kwa hiyo ile inayoitwa nyota ya jioni, ambayo baada ya miezi kadhaa hugeuka kuwa nyota ya asubuhi, kwa hakika si nyota. Ni sayari ya Zuhura, ambayo wengine huiita Ng'andu. Methali yetu isemayo kwamba nyota njema huonekana asubuhi haipungukiwi na hekima kwa sababu hiyo, ingawa mara nyingi nyota yenyewe imekuwa sayari.

Sayari zinazoonekana kwa macho matupu ni tano. Tangu kale watu wa pwani ya Afrika Mashariki, ambao walisafiri na kufanya biashara na watu wa Arabuni, wamezijua kwa majina matano yaliyokwisha kutoholewa na kuzoeleka: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Utaridi ndiyo iliyo karibu kuliko zote na jua, nayo hulizunguka kwa siku 88. Haiachani na jua, ndiyo maana huonekana chini chini tu, muda mfupi baada ya magharibi au kabla ya mapambazuko. Sisi tulio karibu na ikweta tuna bahati ya kuiona kwa urahisi kuliko watu wa Ulaya, kwa kuwa kwetu njia ya sayari husimama wima zaidi juu ya upeo wa macho. Zuhura huzunguka kwa siku 225, Mirihi nyekundu kwa siku 687, Mshtarii kwa miaka ipatayo 12, na Zohali, ambayo ndiyo yenye pete mashuhuri, kwa miaka ipatayo 29 na nusu.

Basi, na hizo nyingine? Sayari ya saba kutoka kwenye jua iligunduliwa na William Herschel huko Uingereza mwaka 1781, kwa darubini. Ya nane ilionekana Berlin mwaka 1846, baada ya Mfaransa Le Verrier kukokotoa kwa hesabu mahali ilipopasa kutafutwa. Pluto iligunduliwa na Mmarekani Clyde Tombaugh mwaka 1930. Hapa ndipo penye msingi wa hoja yetu, na tunamwomba msomaji apazingatie. Jina la kale haliwezi kuwa jina la kitu ambacho watu wa kale hawakukiona. Zohali ni jina lililotumiwa karne nyingi kabla Herschel hajazaliwa. Haliwezi, kwa njia yoyote ile, kuwa jina la sayari ya Herschel. Utaridi ni jina la kale zaidi ya darubini yenyewe. Haliwezi kuwa jina la kitu kilichoonekana mwaka 1930. Kwa hiyo yule mzee wa barazani, ambaye hakusoma kitabu cha sayansi hata kimoja, alikuwa na haki. Kilichokosea ni kitabu.

Kosa hilo liliingiaje? Hatukuwapo wakati orodha hiyo ilipotungwa, lakini nyayo zake zinasomeka. Katika Kiingereza sayari iliyo karibu na jua na ile madini ya majimaji inayotumika katika vipimajoto zina jina moja. Yaelekea mfasiri aliitafuta sayari katika kamusi, akaliona jina la madini, zebaki, akaridhika. Zebaki ikapanda mbinguni. Hapo Utaridi ikabaki haina mahali. Kwa kuwa mfasiri alikuwa na sayari tisa za kujaza, na majina ya zile tatu za mwisho hayakuwamo katika Kiswahili cha kale, kila jina lililokuwa halina kazi lilipewa kazi. Utaridi ikatumwa kwa Pluto, mwisho kabisa wa safu, kutoka mzunguko wa siku 88 hadi mzunguko wa miaka ipatayo 248. Zohali ikavuliwa pete zake ikasogezwa hatua moja nyuma. Palipoachwa wazi na Zohali pakawekwa Sarateni, na palipobaki pakawekwa Kausi.

Majina hayo mawili ya mwisho yana habari yake. Hayo si majina ya sayari hata kidogo. Ni majina ya buruji, yaani yale makundi kumi na mawili ya nyota ambayo jua huonekana kuyapitia katika mwaka: Hamali, Thauri, Jauza, Saratani, Asadi, Sumbula, Mizani, Akarabu, Kausi, Jadi, Dalu na Hutu. Saratani ni kaa na Kausi ni upinde. Kuliita Kausi jina la sayari ni sawa na kumwita abiria kwa jina la kituo. Tena Saratani sasa ni jina la maradhi yanayojulikana na kila mtu, hata mwalimu akisema kwamba Sarateni ina pete, watoto wa nyuma hucheka kwa hofu.

Wapo watakaosema kwamba jina ni jina tu, na kwamba mradi wote tumekubaliana, zebaki yaweza kuwa sayari na Utaridi yaweza kukaa popote. Hoja hii ina nguvu yake, kwani ni kweli kwamba lugha huendeshwa na mapatano. Lakini mapatano hayo yalikwisha kuwapo! Waliyavunja wale waliotunga orodha, tena bila kujua kwamba wanayavunja. Matokeo yake ni kwamba mtoto aliyefundishwa kwa kitabu hicho akikutana na utenzi wa zamani unaoitaja Zohali, au na maandiko ya wanazuoni wa Lamu, Mombasa au Unguja juu ya falaki, atasoma jambo moja na kuelewa jingine. Atadhani babu zake waliiona sayari isiyoonekana kwa macho. Au, na hili ndilo baya zaidi, ataona kwamba hawakujua walichokuwa wakisema. Tumesikitika mara nyingi kwamba ukoloni uliwafundisha vijana wetu kuyadharau maarifa ya wazee. Je, tuseme nini juu ya kitabu tulichokiandika wenyewe, kwa lugha yetu wenyewe, kinachofanya kazi ile ile?

Upo upinzani wa namna nyingine, nao unatoka kwa wale wasemao kwamba majina hayo matano ni ya Kiarabu na kwamba ingefaa tuyaache yote, tutafute ya Kibantu. Tunaiheshimu nia yao. Pale ambapo lugha zetu zina neno, kwanza litafutwe hilo: Kilimia, jina linalotokana na kulima, ni bora kuliko jina lolote la kigeni la kundi hilo la nyota, kwa kuwa ndani yake mna jembe na majira, na Ng'andu inastahili kujulikana zaidi ya inavyojulikana sasa. Kimondo nalo ni neno zuri lililo tayari, na taifa letu lina kimondo chake mashuhuri kule Mbozi, pande la chuma lenye urefu wa mita zipatazo tatu na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Lakini neno lililokaa katika Kiswahili kwa karne kadhaa, likapata sauti ya Kiswahili na likatumiwa na mabaharia na washairi wa Kiswahili, halina tena kwao kwingine. Kulifukuza Utaridi kwa sababu ya asili yake kungetulazimisha kulifukuza na neno sayari, na neno falaki, na pengine nusu ya ukurasa huu.

Tukiyaacha majina, yako maneno mengine ya elimu hii ambayo yangefaidika kwa kutazamwa upya, na mengine ambayo, kinyume cha hayo, Kiswahili kinayamudu kuliko lugha tulizotafsiria. Chukua mwendo wa dunia. Dunia ina mizunguko miwili: mmoja katika mhimili wake, unaoleta usiku na mchana, na mwingine wa kulizunguka jua, unaochukua siku 365 na robo. Tumeona kitabu kinachosema kwa yote mawili kwamba "dunia huzunguka," kisha kinatumia aya nzima kueleza tofauti. Sarufi yetu ina dawa tayari. Dunia hujizungusha, na dunia hulizunguka jua. Kiambishi kimoja kimekwisha maliza kazi ya aya.

Neno mwezi lina shida ya namna yake. Kwetu mwezi ni kile kinachoangaza usiku na pia ni kipimo cha muda, na umoja huo una maana kubwa, kwa sababu mwezi mwandamo ndio uanzao hesabu. Lakini Galileo alipoelekeza darubini yake kwenye Mshtarii mwaka 1610 aliona vidoa vinne vikiizunguka, na kitabu kikisema kwamba "Mshtarii ina miezi minne mikubwa," mtoto ana haki ya kuuliza miezi mingine minane imepotelea wapi. Hapa hatuna pendekezo tunaloliona kuwa kamili. Wengine husema satelaiti, neno ambalo sasa limechukuliwa na vyombo vilivyorushwa na binadamu. Huenda ikatosha kwa mwandishi kuwa mwangalifu na kusema kwamba Mshtarii huzungukwa na miezi, ili kitenzi kiondoe utata.

Kinyume chake ni mwaka wa nuru. Walimu hulalamika kwamba wanafunzi hudhani huo ni muda, kumbe ni umbali: ni njia ambayo nuru, iendayo kilometa zipatazo 300,000 kwa sekunde, huimaliza katika mwaka mmoja. Nuru ya jua hutufikia kwa muda wa dakika nane hivi. Ya nyota iliyo jirani kabisa na jua letu huchukua miaka minne na zaidi. Lakini sisi ni watu ambao tangu zamani tumepima njia kwa muda. Mtu akiulizwa umbali wa kijiji hujibu kwamba ni mwendo wa siku mbili, wala hakuna anayedhani kwamba kijiji ni siku. Mfasiri angesema kwamba nyota ile iko mwendo wa miaka minne kwa nuru, mwanafunzi wa Dodoma angeelewa mara moja. Kosa lilikuwa kulifasiri neno bila kuitafuta desturi ya lugha.

Jambo hili la kutafsiri maneno na kuyaacha mazingira linaonekana zaidi katika mifano. Vitabu kadhaa humwambia mtoto aitafute nyota ya kaskazini ili ajue pande za dunia. Mtoto wa Dar es Salaam ataitafuta hadi alfajiri asiione, kwa kuwa Dar es Salaam iko kusini mwa ikweta na nyota hiyo iko chini ya upeo wa macho. Mabaharia wetu waliijua, wakaiita Jaa, lakini waliiona walipokwisha kuvuka ikweta kuelekea Uarabuni. Na upande wa pili waliijua Suheli, nyota ing'aayo sana ya kusini, hata jina lake likawa jina la upande. Suheli inaonekana kwetu vizuri. Kwa nini haimo kitabuni? Kadhalika majira: tunasoma juu ya miti inayopukutisha majani na theluji inayoyeyuka, wakati jua lenyewe linatufundisha bila gharama. Kwa mtu wa Dar es Salaam jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba. Siku hizo, mchana wa saa sita, kijiti kilichosimikwa wima kwenye ua wa shule hakina kivuli. Baada ya Machi kivuli huelekea kusini, baada ya Oktoba huelekea kaskazini. Somo hilo halihitaji darubini wala fedha za kigeni, nasi hatujaliona katika kitabu hata kimoja kati ya vile tulivyovipitia.

Wala wazee hawakuyaacha mambo haya bila kipimo. Kilimia hupotea katika mwanga wa jua kila mwaka mnamo Mei, wakati wa masika, na huonekana tena alfajiri mwezi wa Juni mvua zikiwa zimepungua, na wahenga wa pwani waliifunga habari hiyo ndani ya methali. Hesabu ya Nairuzi, ambayo sherehe yake bado hufanywa Makunduchi, ni mwaka wa jua wa siku 365, uliogawanywa katika miongo 36 ya siku kumi kumi na siku tano za ziada. Kwa hesabu hiyo mkulima alijua mwongo wa kupanda na baharia alijua mwongo wa kutweka tanga. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipopatwa, na pete ya mwanga ikaonekana Rujewa katika Mkoa wa Mbeya, watu walifika kutoka mbali kushuhudia. Ni dhahiri kwamba wananchi wana hamu ya elimu hii. Waandishi ndio wamechelewa.

Hatuwezi kuuacha uwanja huu bila kuligusa neno unajimu, ambalo limebeba mizigo miwili. Mnajimu ni mtu apimaye nyota, na mnajimu pia ni yule atabiriye ndoa na bahati nasibu katika magazeti. Mtu akiulizwa leo "nyota yako ni ipi?" hujibu Ng'e au Simba, wala hajapata kuziona nyota hizo. Vitabu vya shule vinavyoita elimu ya anga unajimu vinamkabidhi mtoto kwa mpiga ramli. Neno falaki lipo, ni safi, na litumike. Unajimu waachiwe wenye magazeti.

Nini kifanyike basi? Majina matano ya kale yarudishwe mahali pake bila mjadala mrefu: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali. Sayari mbili zilizogunduliwa kwa darubini zichukue majina yanayotumiwa ulimwenguni, kwa matamshi yetu, yaani Uranusi na Neptuni, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na jina lake kabla. Kausi na Saratani zirudi katika buruji. Zebaki irudi kwenye kipimajoto. Mabadiliko haya yatasumbua walimu kwa mwaka mmoja au miwili, na mitihani itabidi ikubali majibu ya aina mbili kwa muda. Usumbufu huo ni halisi, lakini kila mwaka unaopita huongeza idadi ya waliofundishwa vibaya.

Kuhusu Pluto, wataalamu wa falaki wa dunia walikutana Prague mwaka 2006 wakaamua kwamba si sayari kamili bali ni sayari kibete, hivyo sayari zikabaki nane. Vitabu vipya vimeanza kuifuta Pluto katika safu, na hapo limetokea jambo ambalo hatukulitarajia. Kwa kuwa katika safu ile Pluto iliitwa Utaridi, mhariri aliyeambiwa aiondoe sayari ya tisa ameliondoa na jina. Tulipopita tena kwa yule mzee tulimkuta na mjukuu mwingine, mdogo wa yule wa kwanza, naye akikariri sayari nane kwa sauti ile ile, kuanzia Zebaki. Mzee alingoja hadi mwisho, kisha akatugeukia akauliza, "Utaridi wangu wamempeleka wapi sasa?"